Tupeane uzoefu: Ni nini kinachowatoa vijana wa mjini kwenda mbali kutafuta amani ya roho?

Mwanzisha mada
Ndugu zangu, vijana wengi wanaofanya kazi mijini hutumia likizo zao kwenda hija au mafungo, ilhali baadhi yao hawakanyagi hata nyumba ya ibada iliyo jirani. Mtu anayeweza kusali mtaani kwake anafuata nini mbali? Naomba mtueleze kilichowatoa nyumbani, wala si uzuri wa mahali.

Mchangiaji wa pili
Mimi nilitembea sehemu ya njia ya Santiago, njia ya kale ya hija ya Kikristo nchini Hispania, baada ya kufiwa na baba. Kazini nilipewa ruhusa fupi ya msiba, kisha nikatakiwa kurejea kana kwamba huzuni nayo imezikwa. Njiani hapakuwa na la kuamua, kwa kuwa mishale ya njano huonyesha pa kupita, na kazi ya siku ni kutembea tu, jambo linalompumzisha sana mtu ambaye mjini huamua mambo tangu anapoamka hadi anapolala. Cheti cha hija, Compostela, hupewa aliyetembea walau kilomita 100 au kuendesha baiskeli kilomita 200, na huulizwa sababu ya safari yake. Masharti yanamkubali hata mwenye moyo wa kutafuta tu. Bila nafasi hiyo nisingejua la kujibu.

Mchangiaji wa tatu
Nilikwenda kwenye kozi ya siku 10 ya Vipassana, yaani kutafakari kwa ukimya, kwa utaratibu ulioenezwa na mwalimu S. N. Goenka. Simu hukabidhiwa, kusoma na kuandika ni marufuku, washiriki hawasemezani, na kengele ya kuamka hulia saa kumi alfajiri. Ukimya niliupenda. Kilichonitatiza ni sharti la kusimamisha sala zote za dini yangu kwa muda wa kozi, na nadhani kila muumini anapaswa kulipima hilo kabla ya kujiandikisha.

Mchangiaji wa nne
Kwangu ilikuwa umra, yaani hija ndogo ya Makka. Nimezoea kutambulishwa kwa cheo kabla ya jina, lakini katika ihramu, yaani vitambaa viwili visivyoshonwa, mkurugenzi na tarishi wake hawatofautiki, na wote huzunguka Al-Kaaba mara 7 katika msongamano uleule. Hata hivyo tusijidanganye: tawafu ikiisha, mwenye fedha hurudi katika hoteli inayotazamana na msikiti, na mwenzake hutafuta basi. Usawa ule ni wa kweli, ila una saa zake.

Mchangiaji wa tano
Mwanzisha mada, nitajibu swali lako moja kwa moja. Katika nyumba ya ibada ya jirani mimi ni mtoto wa fulani, na nikitokwa na machozi wakati wa sala, habari humfikia mama kabla sijafika nyumbani. Taizé, kule Ufaransa, katika jumuiya ya watawa wa Kikristo iliyoanzishwa na Bruda Roger mwaka 1940, vijana kutoka nchi nyingi husali mara tatu kwa siku, na kila sala ina kipindi kirefu cha ukimya. Nililia humo, na aliyeketi karibu nami hakuniuliza lolote.