Jiko la Majirani, Mikocheni: pad thai ya jana

*Mama Zuhura:* Habari za asubuhi jamani. Mliokwenda jana kule kwenye mgahawa wa Wathai, semeni ukweli. Ile pad thai, tambi za kukaanga za Kithai, au tambi za tomato?

*Idi:* Shikamoo mama. Tomato sosi ile, rangi inajisema. Pad thai huwa kahawia, kwa ukwaju na sukari ya mnazi au ya mvumo. Ikija na wekundu wa chungwa, ujue ukwaju umeachwa. Ukwaju uloweke, ukamue, uchuje. Tomato sosi unafungua kifuniko tu.

*Mama Zuhura:* Marahaba. Na bei imepanda 🙄

*Neema:* Mbona zilishikana bonge moja?

*Idi:* Zilichemshwa. Tambi bapa za mchele huwa hazichemshwi, zinalowekwa maji ya kawaida dakika 30 hadi 40, zitoke zinapinda ila bado ngumu kidogo. Zinamalizikia kuiva kwenye karai, kwa ule mchuzi wa ukwaju. Ukizichemsha kwanza, zikikutana na mchuzi zinakuwa bokoboko.

*Baba Salma:* Ongeza na la karai. Meza ya watu sita, zote zimepikwa mkupuo mmoja. Karai linapoa, tambi zinatoa maji, hazikaangiki tena. Ni sahani moja moja, mbili ndiyo mwisho, moto mkali.

*Neema:* Sahani sita moja moja si tungekula saa sita usiku 😂

*Baba Salma:* Sahani moja ni dakika tatu nne, kama kila kitu kimeshakatwa.

*Mama Zuhura:* Mchuzi wa kijani je? Mzito kama uji wa mgonjwa.

*Shangazi Mwana:* Hapo niachieni mimi, hayo mambo ya nazi. Mchuzi ule unaanza na tui la kwanza. Linachemka lenyewe, unakoroga, mpaka likatike na mafuta yaelee juu. Ndipo unatia viungo vilivyotwangwa, unavikaanga humo kwenye mafuta ya nazi dakika tatu hadi tano, mpaka harufu ibadilike. Halafu kuku, halafu tui jepesi. Jana sikuona hata tone la mafuta juu. Viungo vimetupwa kwenye tui linalochemka, vikabaki vibichi, kisha wakaufanya mzito kwa unga.

*Idi:* Shikamoo shangazi. Pengine ni tui la kopo. Mengi yana vitu vya kulizuia lisikatike, hata ulichemshe vipi. Dawa yake kijiko cha mafuta, ukaangie viungo humo.

*Shangazi Mwana:* Marahaba. Tui la kopo, Dar hii? Haya.

*Neema:* Tom yum, ile supu yao ya ndimu, ilikuwa chungu.

*Idi:* Ndimu imechemshwa. Inakamuliwa sufuria ikishaepuliwa. Ikichemka, harufu inakwenda, uchungu unabaki. Halafu waliweka tangawizi badala ya galanga. Ni ndugu, ila galanga ina harufu kama ya msonobari, tangawizi inawasha tu. Mchaichai ulikuwepo, tuwe wakweli.

*Baba Salma:* Saladi ya papai bichi nayo ilisimama. Imetwangwa kinuni, si kuchanganywa kwa kijiko.

*Mama Zuhura:* Basi mpishi anajua?

*Baba Salma:* Kuna anayejua, ila hayuko kwenye karai. Tazameni menyu. Zamani karatasi moja mbele na nyuma, sasa kitabu: sushi, pizza, mpaka mishikaki. Jiko likiwa na vyakula vyote hivyo, mchuzi unapikwa ndoo nzima asubuhi, jioni unapashwa.

*Neema:* Tupike wenyewe Jumamosi. Idi, vipimo?

*Idi:* Kwa watu wawili: tambi gramu 200, ukwaju mzito uliochujwa vijiko vikubwa 3, sukari guru iliyosagwa vijiko 3, nam pla vijiko 2, uonje kabla ya kuongeza. Mayai 2, uduvi mkavu konzi ndogo, choroko zilizochipua konzi mbili, majani ya vitunguu, karanga za kukaanga zilizopondwa. Choroko ziingie mwisho kabisa, zisilegee. Uduvi muoshe, una mchanga.

*Mama Zuhura:* Nam pla ndiyo ile chupa ya maji ya samaki?

*Idi:* Ndiyo. Ina chumvi kali, kwa hiyo chumvi nyingine hakuna.

*Shangazi Mwana:* Mchuzi nitapika mimi. Nazi tatu ninazo, ila mbuzi yangu imevunjika meno. Mwenye nzima aje nayo.

*Baba Salma:* Kwetu ipo. Na kinu nitaleta.