Naomba ushauri: kirikuu yangu inashikiliwa polisi kwa kosa la dereva

Ndugu wanasheria na wenye uzoefu, habari zenu. Naishi Mbagala, nami nina kirikuu niliyomkabidhi kijana abebe mizigo ya Kariakoo na kuniletea hesabu. Mwezi uliopita alikamatwa akiwa amepakia nyaya za shaba zinazodaiwa kuwa za wizi, na sasa ana kesi mahakamani, ilhali mimi, ambaye jina langu ndilo lililo kwenye kadi ya gari, sijashtakiwa kwa lolote.

Kituoni naambiwa gari ni kielelezo na huenda likataifishwa. Hati ya ukamataji mali, ambayo Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamtaka askari aitoe anapochukua kitu, alipewa dereva, lakini betri na tairi la akiba hazikuandikwa. Hilo linanitia shaka kuliko yote, kwani betri ni mpya.

Najua kwamba Marekani mali huweza kutaifishwa kwa shauri la madai hata mwenyewe asipotiwa hatiani, ingawa mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya huko, katika shauri la Timbs aliyenyang'anywa gari, ilisema katazo la kikatiba la faini zilizopitiliza linayabana majimbo pia.

Kwa hapa kwetu, je, nimwandikie Mkurugenzi wa Mashtaka, au wakili apeleke maombi mahakama ileile ili nirudishiwe gari kwa dhamana, picha zake zibaki kama ushahidi? Na vifaa visivyoandikwa nividai kwa nani?