Angela wa Foligno aliomba aondolewe familia yake: tumsome vipi?

Mleta mada: Papa Fransisko alimwandika Angela wa Foligno (mama wa Italia aliyesifika kwa maono yake ya kiroho, aliyefariki 1309) katika orodha ya watakatifu tarehe 9 Oktoba 2013, bila kudai muujiza mpya, kwa kuwa waamini wamemheshimu karne na karne. Utaratibu sina ugomvi nao. Nina ugomvi na sehemu moja ya kitabu chake, Memoriale, kinachosimulia safari yake ya kiroho. Anasema mama yake alikuwa kikwazo kikubwa kwake, kisha mama akafa, mume akafa, na watoto wote wakafa kwa muda mfupi. Na kwa vile alikuwa amemwomba Mungu amwondolee hao, vifo vyao vikampa faraja kubwa. Huyu ndiye tunawaambia kina mama wamwige?

Mchangiaji wa 1: Mkuu, maneno yapo, ila tazama yalivyofika kwenye karatasi. Angela alisimulia kwa lahaja ya kwao Umbria, Italia, na ndugu Mfransisko (mtawa wa shirika la Mtakatifu Fransisko) anayetajwa kwa herufi A tu, jamaa yake na muungamishi wake, akayaandika kwa Kilatini, tena mbiombio. Alipomsomea, Angela alilalamika kwamba ni makavu, hayana ladha ya alichosema. Hatua za safari yake zilikuwa 30. Baada ya ile ya 19 mwandishi alishindwa kuzitenganisha, akazibana zilizobaki ziwe 7. Isitoshe, humohumo Angela anautaja uchungu wa kufiwa na mama na wanawe, akiutumia kupimia uchungu wake juu ya mateso ya Kristo. Kwa hiyo hakuwa jiwe.

Mchangiaji wa 2: Utetezi huo unapwaya. Ukiitilia shaka kalamu ya ndugu A kwenye vifo, utaiaminije kwenye maono? Angela alisema maandishi yamepungukiwa, hakusema yamedanganya. Na kabla hayajasambaa yalipitiwa na Kardinali Giacomo Colonna pamoja na Wafransisko wanane. Yale maneno hawakuyafuta.

Mchangiaji wa 3: Pangeni miaka kwanza. Uongofu wake ulikuwa kama mwaka 1285, akiwa na umri wa karibu miaka 37. Alikuwa Mkatoliki tangu utotoni. Kilichomtesa ni dhambi aliyoona aibu kuiungama, huku akiendelea kukomunika. Akamwomba Mtakatifu Fransisko amtafutie muungamishi, na katika kanisa kuu la San Feliciano akamkuta Mfransisko akihubiri, akaungama yote kwake. Vifo vilikuja baadaye, mnamo 1288. Maana yake sala ile haikutoka kwenye maisha yake ya zamani. Ilitoka kwenye moto wa toba, na hilo kwangu ni zito zaidi, kwa sababu anayewaka hivyo huona kila anayemshika mkono anamzuia kwa Mungu.

Mlinganisheni na Margareta wa Cortona, mtakatifu mwingine wa Italia wa zama zake. Aliishi kinyumba na bwana mmoja tajiri miaka tisa, akazaa naye mtoto wa kiume, na bwana akauawa. Wafransisko walimkalisha miaka mitatu kabla ya kumpokea katika Utawa wa Tatu, yaani tawi lao la walei, 1277. Baadaye alitaka kujikata pua na mdomo wa juu kwa wembe ili uzuri wake umtoke. Muungamishi wake, Giunta Bevegnati, alimkatalia katakata, akamwambia akithubutu hatamwungamisha tena. Nguvu zile zikaenda kwenye hospitali ya maskini aliyoianzisha pale Cortona. Toba ya ukubwani bila mtu wa kushika breki ni hatari, na Giunta hakuona haya kuyaandika kwenye kitabu chake cha maisha ya Margareta.

Mleta mada: Nimekuelewa. Basi na wahubiri wayasome maneno ya Angela kwa sauti, waseme hapa alikosea. Wakiyaruka, mama mwenye mume mgumu atayakuta peke yake.

Mchangiaji wa 2: Naunga mkono, ila breki ya Angela aliishika nani? Ndugu A alianza kumhoji baada ya 1291, Angela alipopiga mayowe mlangoni mwa basilika ya Assisi na kumtia aibu mbele ya watawa wenzake. Wakati huo familia ilikuwa imeshazikwa miaka kadhaa.