Mwanangu na babu yake wamegombana kwa ajili ya mifupa ya Tendaguru, nishaurini

Mama_Mtanda
Assalaam aleikum, na wengine wote habari za jioni. Nipo Lindi mjini, Mtanda. Mwanangu yupo kidato cha nne. Wiki iliyopita alisema mbele ya babu yake kwamba mifupa ya dinosaria iliyochimbwa kilima cha Tendaguru, huku kwetu Lindi, ina miaka kama milioni 150. Baba yangu ni mwalimu wa chuo cha Qur'ani, na huyu kijana yeye ndiye aliyemfundisha tangu alifu mpaka akahitimu msahafu. Akamwuliza, "Nani alikuwepo akahesabu?" Mtoto akajibu kwamba ya chuoni ni hadithi tu. Tangu siku hiyo mzee hali naye sinia moja.

Kinachoniuma zaidi, babu yake baba alikuwa miongoni mwa wapagazi waliobeba mifupa hiyo hadi bandarini Lindi, enzi za Mjerumani. Kwetu tuliambiwa ni mifupa ya jitu. Sitaki mwanangu aache swala, wala sitaki afeli biolojia. Niwaambie nini?

Ticha_Nachingwea
Pole dada. Nafundisha biolojia. Swali la mzee ni zuri mno, kijana alitakiwa alijibu. Hakuna aliyekuwepo, ila mawe yana saa yake. Kwenye miamba ya volkano mna urani, nayo hugeuka polepole kuwa madini ya risasi kwa mwendo unaojulikana: nusu ya urani-238 huchukua miaka kama bilioni 4.5. Ukipima iliyobaki na risasi iliyopatikana, unajua mwamba una umri gani. Pale Tendaguru matabaka ya mifupa yamepishana na matabaka yenye makombe ya baharini. Makombe ya zama hizo yapo na nchi nyingine, kwenye miamba ambayo umri wake umeshapatikana. Ndivyo wanavyolinganisha. Mweleze mzee hivyo hivyo, taratibu, atakuelewa. Mtu aliyezoea kukagua isnadi ya hadithi za Mtume, yaani nani alipokea kwa nani, hashindwi na hili.

Mtu_Huru
Dini na sayansi havipikwi chungu kimoja. Kijana achague moja.

Ustadh_Mikindani
Mtu Huru, kijana wa miaka 17 usimwekee panga shingoni. Dada, Qur'ani haikutaja umri wa dunia. Imetaja kwamba siku moja kwa Mola wako ni kama miaka elfu mnayohesabu nyinyi (Al-Hajj, 47), na Al-Ankabut aya ya 20 inatuamrisha tutembee katika ardhi tutazame jinsi alivyoanzisha uumbaji. Kwa hiyo kwenye umri wa mfupa sioni kufuru. Kosa lake ni ulimi mbele ya mwalimu wake, na aende akamwombe radhi kabla ya Ijumaa.

Ila sitakuficha: kwenye asili ya mwanadamu mvutano upo. Sisi tunaamini Adam aliumbwa kwa udongo, kitabu cha shule kinasema vingine. Mtihani ajibu alivyofundishwa. La moyoni akae nalo na babu yake, wasiharakishe.

Binti_Ndanda
Mimi Mkatoliki, naongeza moja. Aliyeleta wazo kwamba ulimwengu ulianza kama atomi moja ukatanuka ni padri wa Ubelgiji, Georges Lemaître, mwaka 1931. Papa Pius XII alipoihusisha sayansi hiyo na uumbaji, mwaka 1951, padri mwenyewe hakupendezwa. Hakutaka imani yake isimame juu ya hesabu ambazo kesho zinaweza kusahihishwa. Misa aliendelea kusoma.

Mama_Mtanda
Allah awalipe. Jana baada ya Isha kijana amemwomba babu yake radhi, kisha mimi nikamwomba mzee asimulie habari za upagazi. Amesimulia mpaka usiku. Kijana naye akamwambia lile jitu sasa limesimamishwa Berlin, kimo chake zaidi ya mita 13, na uchimbaji ulikuwa kati ya 1909 na 1913. Mzee akanyamaza, akahesabu kwa vidole, akasema babu yake wakati huo alikuwa bado hajaoa.

Asubuhi wamekunywa chai pamoja. Habari ya Adam hawajaigusa. Ila Ticha, mzee anauliza: hiyo risasi, mnajuaje kwamba haikuwemo mwambani tangu mwanzo?

Ticha_Nachingwea
Hilo ndilo swali lenyewe! Mwambie Jumamosi nakuja Lindi, nitapita hapo Mtanda.