Ushauri: Nipige nini kanisa linapoomba, na ninyamaze wakati gani?

MpigaKinanda_Mbeya

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mpiga kinanda katika kanisa la kipentekoste hapa Mbeya, na huu ni mwaka wa nne tangu nikabidhiwe kinanda baada ya aliyekuwa akipiga kuhamia Dodoma kikazi. Nyimbo za sifa hazinisumbui, kwa sababu tunazifanyia mazoezi kila Jumamosi. Kinachonisumbua ni ile nusu saa isiyo na mazoezi, pale mchungaji anaposema "tusimame tuombe" na timu nzima inanigeukia mimi, nami napaswa kupiga kitu ambacho hakijaandikwa popote.

Katika mkesha wa mwezi uliopita, dada mmoja alikuwa amepiga magoti karibu kabisa na spika, akiomba kwa kunong'ona. Nilikuwa nimekaa kwenye kodi ya la kwa muda mrefu (kodi ya muziki, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, na la ni ile ya do-re-mi; si kodi ya mapato), kisha nikaenda fa, nikaongeza sauti ya nyuzi na kukanyaga pedali. Kanisa zima likapaza sauti kama bomba lililofunguliwa, na dada yule akaanza kulia. Nikarudia mzunguko uleule makusudi ili nione, wakapaza tena. Tangu usiku huo sina amani, maana sijui aliyewainua ni Roho Mtakatifu au ni vidole vyangu.

Jumapili iliyofuata nilipiga kwa hofu, vidole vikitangatanga, hadi mchungaji akaniambia mbele ya watu nizime kinanda kwa sababu kinamchanganya. Wiki iliyofuata nikanyamaza kabisa, naye akaniuliza kwa nini nimeacha ibada ipoe. Naomba ushauri.

Mzee_wa_Usharika

Tumsifu Yesu Kristo, mwanangu. Nimepiga kinanda usharikani tangu enzi za kile cha kukanyaga kwa miguu ili kipate upepo, kwa hiyo niruhusu nianze na vidole kabla ya kufika kwenye dhamiri.

Kwanza, usibadilishe ufunguo, yaani mahali do ya wimbo ilipo kwenye kinanda. Baki kwenye ule wa wimbo uliotangulia, kwa sababu masikio ya watu bado yamo humo, na mchungaji naye, pasipo kujua, huwa anaombea karibu na do au so ya wimbo huo. Ukibonyeza kile kitufe cha kuhamisha ufunguo katikati ya maombi, unamvuta mtu kutoka alipokuwa. Pili, shika do na so (noti ya kwanza na ya tano) kwa mkono wa kushoto, na mara nyingi usiipige mi (noti ya tatu). Kodi isiyo na mi haisemi kama ni furaha au huzuni, kwa hiyo anayeshukuru na aliyefiwa wanaweza kuombea juu yake wote wawili. Kosa la vijana wengi ni kuwaamulia watu hisia mapema. Tatu, usipige melodia ya wimbo unaojulikana, kwani ukigusa mistari miwili tu utasikia akina mama wameacha kuomba na wameanza kuimba. Nne, uondoke katikati ya kinanda, kwa maana sauti ya mwanamume anayeomba inakaa humohumo, na nadhani hapo ndipo mchungaji wako alipochanganyikiwa.

Badilisha kodi mwombaji anapovuta pumzi, siyo anapokuwa katikati ya neno. Ukiona anaelekea mwisho, nenda fa kisha rudi do, kama kwaya inavyoimba Amina, uachie vidole taratibu.

Wala usidhani kubuni papo hapo ni jambo la Wapentekoste peke yao. Olivier Messiaen, mtunzi wa muziki Mfaransa, alikuwa mpiga kinanda wa kanisa la La Trinité jijini Paris tangu mwaka 1931 hadi alipofariki mwaka 1992, naye alibuni muziki papo hapo katika ibada.

Katekista_Mstaafu

Ninaongezea kutoka upande wa Wakatoliki. Maelekezo ya Misale ya Kirumi (kitabu chetu cha sala za Misa), namba 32, yanataka kinanda na ala nyingine zinyamaze wakati padre anaposali zile sala anazozisali kwa sauti kama kiongozi wa ibada. Kinanda hakidharauliwi hata kidogo. Ni kwamba sala ile ni ya watu wote na lazima isikike neno kwa neno. Sisemi mfuate taratibu zetu, lakini swali linafaa hata kwenu: mtu mmoja anapoomba kwa niaba ya wote, je, muziki unamsaidia asikike au unamfunika? Kanisa zima likiomba kwa pamoja, kila mtu na la kwake, hilo ni jambo jingine.

Besi_ya_Nyuma

Mtumishi, usijitese. Katika 2 Wafalme 3 Elisha alikuwa amemkasirikia mfalme wa Israeli, na kabla ya kusema neno la Bwana aliomba aletewe mpiga kinanda. Huyo alipopiga, ndipo mkono wa Bwana ukamjia nabii. Muziki ukimtuliza mtu aliyekasirika, huo si ulaghai. Na katika 1 Mambo ya Nyakati 25, waliotabiri kwa vinubi walikuwa watu waliofundishwa, wastadi 288, waliogawanywa kwa zamu. Ustadi haumfukuzi Roho.

Mama_Mwombaji

Mwanangu, mimi huwa niko pale chini, kwenye mkeka, kwa hiyo nikueleze inavyosikika kutoka huku. Kinanda kikiwa chini, kinanifichia sauti yangu, nami naweza kumwambia Mungu mambo ambayo jirani yangu hapaswi kuyasikia. Kikipanda ghafla, nalazimika kupaza sauti ili nijisikie, na hapo siri yangu inatoka hadharani. Huyo dada aliyekuwa karibu na spika huenda aliguswa, na huenda pia hakuwa na namna nyingine. Mara ya kwanza ulikuwa unapiga. Mara ya pili ulikuwa unatupima, na ndiyo maana huna amani.

Kuhusu mchungaji, msiachiane kukisia. Mwombe mkubaliane ishara. Wetu hushusha kiganja anapotaka kinanda kishuke, na akikikunja ngumi tunanyamaza. Hakuna anayeaibishwa mbele ya watu.

MpigaKinanda_Mbeya

Ninawashukuru sana nyote. Mama, maneno yako yamenichoma mahali penyewe, maana ni kweli mara ya pili nilikuwa napima. Jana nilifika mazoezini mapema, nikaigeuza spika ielekee ukutani, kisha nikamwomba mchungaji aombe dakika kumi kanisa likiwa tupu huku nikishika do na so tu. Alipofika katikati akasahau kuwa nipo, akawataja watoto wake mmoja mmoja kwa majina. Ishara ya kiganja ameikubali. Ila Mzee, sijaelewa jambo moja: akihama kutoka kuomba kwenda kukemea, bado nibaki bila mi?

Mzee_wa_Usharika

Baki, mwanangu. Punguza sauti tu, umwachie yeye akemee.