Manowari ya bomba tatu: Nahodha Looff ni shujaa wa bahari, au tunampa sifa ya wengine?

Wakuu, hoja hii imenikaa rohoni muda mrefu, leo naileta mezani. Kila zinapotajwa habari za Vita Kuu ya Kwanza katika pwani yetu, Max Looff, nahodha wa manowari ya Kijerumani Königsberg, anasifiwa kama simba wa bahari aliyewahenyesha Waingereza karibu mwaka mzima kwa meli moja tu. Mimi sikubali. Looff alikuwa baharia mzuri, lakini kwa kazi aliyotumwa alishindwa, na yale tunayomsifia zaidi yalifanyika nchi kavu, kwa mabega ya watu ambao hatuwataji.

Nianze na haki yake. Alifika Dar es Salaam mapema Juni 1914, na wenyeji wakaiita meli yake "manowari na bomba tatu" kwa zile bomba zake za moshi. Tarehe 31 Julai, vita vikinukia, aling'oa nanga na kuziponyoka meli za Admirali King-Hall wa Uingereza zilizokuwa zikimvizia nje ya bandari. Alfajiri ya 20 Septemba akaibuka Unguja, akaikuta manowari ya Kiingereza Pegasus imetia nanga ikitengenezwa mitambo. Mizinga ya Pegasus ilikuwa haimfikii, yake ilikuwa inafika. Wanamaji zaidi ya 30 wa Kiingereza walikufa, na meli yao ikazama siku hiyo hiyo. Ule ulikuwa upigaji wa mtu anayejua kazi yake.

Lakini Looff hakutumwa kuwinda meli mbovu bandarini. Alitumwa kukata njia za biashara za Mwingereza katika Bahari ya Hindi. Kwa kazi hiyo aliteka meli moja tu ya mizigo, City of Winchester, tarehe 6 Agosti karibu na Oman, ikiwa na shehena ya chai. Moja! Mwenzake von Müller, nahodha wa manowari nyingine ya Kijerumani, Emden, katika bahari hiyo hiyo na miezi hiyo hiyo, aliteka au kuzamisha meli zaidi ya 20.

Najua mtaniambia habari ya makaa ya mawe, na ni kweli. Waingereza walikuwa wameyanunua yote katika bandari za jirani ili asiyapate. Bandari ya Dar es Salaam nayo iliathiriwa na Wajerumani wenyewe, walipozamisha chelezo chao cha kuelea, cha kutengenezea meli, mlangoni. Kwa hiyo delta ya Rufiji ilikuwa kimbilio lake, na baada ya Unguja injini ikavunjika, akarudi mle mle. Hapo simlaumu. Ninachokataa ni kukuita kule kujificha ushindi. Mwishoni mwa Oktoba aligunduliwa, na tarehe 10 Novemba Waingereza wakazamisha meli kuukuu, Newbridge, kwenye mkondo mmoja wa mto ili asitoke. Meli ya shehena Rubens iliyomletea makaa Aprili 1915 ilishambuliwa na kupanda mwamba kwenye ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Manowari isiyo na makaa, katikati ya mikoko, na mabaharia wanatetemeka kwa malaria: hiyo si vita ya bahari tena.

Wapo wanaosema, "Lakini aliwafunga Waingereza pale miezi minane." Naam, manowari za kasi kama Chatham na Weymouth zililazimika kukaa zikimvizia asitoke, na ikabidi Severn na Mersey, meli za kina kifupi, zivutwe kutoka Malta ndipo wamfikie. Jaribio la 6 Julai 1915 likashindwa, la tarehe 11 likafaulu, ndege zikiongoza mizinga. Looff akajeruhiwa, akaamuru meli ilipuliwe. Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote za upande wenu, na sitaipuuza.

Lakini hata hiyo miezi minane ilitegemea mabega ya wengine, na hapo ndipo panaponiuma. Injini ilipovunjika, vipande vyake vilipelekwa Dar es Salaam kutengenezwa, vikarudishwa. Nani alivibeba? Chuma cha injini ya manowari si gunia la mpunga. Na meli ilipokwisha kulipuliwa, mizinga yake kumi ilitolewa, ikaundiwa magurudumu Dar es Salaam, ikatawanywa nchi nzima. Mmoja ulifika Ziwa Tanganyika na kufungwa kwenye meli Götzen, ambayo leo tunaijua kama Liemba. Mwingine, Desemba 1916, ulipandishwa milima ya Matumbi hadi Kibata. Matumbi! Pale Maji Maji ilipowaka mwaka 1905, miaka kumi na moja tu kabla, watu wa milima hiyo hiyo wakasikia tena magurudumu ya Mjerumani.

Mwaka jana nilisimama mbele ya mzinga wa Königsberg pale Fort Jesus, Mombasa. Wa Pegasus nao uko hapo hapo. Nilitia ngumi yangu mdomoni mwa ule wa Königsberg, ikaingia kwa kubana. Halafu nikajaribu kuusukuma kwa bega, mtu mzima mwenye kilo zangu 84. Haukutikisika hata kidogo. Wenzetu, wapagazi wa Kiafrika, waliivuta mizinga ya namna hii kwa kamba, kwenye tope na mawe, kwa amri zilizopitia kwa maakida na majumbe. Looff alipewa Msalaba wa Chuma. Wao hata majina hayakuandikwa.

Basi anayeona nimekosea aje na jibu moja: mtoe Looff wapagazi, umwachie meli na mabaharia wake tu. Baada ya 20 Septemba 1914 anabakiwa na nini cha kusifiwa? Na wenye wazee wa Salale na Mbwera kule delta, na wa Kibata, naomba mtuwekee hapa mliyosimuliwa: walichukuliwaje, walilipwa nini, na nani hakurudi nyumbani.