Mpunga una siku 24, majani yameanza kujikunja: nipige dawa au nisubiri?

Mama Tumu, Igurusi

Shikamooni wakubwa, na wadogo zangu hamjambo.

Nalima mpunga hapa Igurusi, ekari mbili na nusu ndani ya skimu, mbegu ni SARO 5. Leo ni siku ya 24 tangu nipandikize. Tangu juzi naona majani yanajikunja kwa urefu kama mtu aliyesokota karatasi. Ukilifungua jani unakuta kiwavi mwembamba wa kijani, na ndani limekwanguliwa likabaki mistari myeupe. Jaruba la chini, linalopakana na mfereji, ndilo limeguswa zaidi.

Nimekwenda duka la pembejeo. Kijana wa pale hakuniuliza mpunga una siku ngapi. Kanipa chupa mbili, akasema changanya zote kwenye bomba moja, kizibo kimoja cha hii na kimoja na nusu cha ile, urudie baada ya wiki. Moja ina mkanda wa njano. Nyingine lebo imechubuka, limebaki jina tu.

Ningepiga siku ile ile kama si yaliyompata mdogo wangu mwaka jana. Alipiga mchanganyiko wa namna hiyo tangu saa tatu mpaka saa saba, miguu mitupu majini, bomba linavuja mgongoni na shati limelowa. Aliporudi alikaa chini ya mwembe akasema anaona ukungu. Nikadhani ni njaa. Mate yakaanza kumtoka bila kukoma, jasho likamtiririka kama mtu aliyemwagiwa ndoo, mikono ikatetemeka. Nilipomtazama macho, mboni zilikuwa ndogo kama kichwa cha pini. Majirani wakamnywesha maziwa, akayatapika yote. Tulimbeba kwa bodaboda, mimi nyuma nimemshikilia. Hospitali walimchoma atropini, sindano ya kupambana na sumu hiyo, mara kadhaa usiku ule, akapona. Lakini mimi harufu ya dawa ile bado inanipanda puani kila nikifungua stoo.

Binti yangu anasoma kilimo Uyole. Kaniambia huko Vietnam wakulima wa mpunga walifundishwa wasipige dawa ya wadudu siku 40 za kwanza, na hawakupungukiwa. Je, ni kweli? Na ile ni Asia, huku ni Usangu. Inafaa? Chupa ziko mlangoni, sijazifungua.

Bwana Shamba Mstaafu

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa mdogo wako. Nimekuwa bwana shamba miaka 29, kumi na mmoja kati ya hiyo nikiwa Mbarali. Miaka yangu ya mwanzo nami niliwaambia watu "ukiona kiwavi, piga". Najuta, ndiyo maana nakujibu kwa urefu.

Binti yako kasema kweli. Kwenye delta ya Mekong, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakulima walikuwa wakipiga dawa zaidi ya mara tatu kwa msimu, na walianza mapema kwa sababu ya huyo huyo kiwavi anayekunja majani. Anaonekana kwa macho, anatia hofu. Watafiti wa IRRI, taasisi ya mpunga iliyoko Los Baños kule Ufilipino, wakishirikiana na maofisa wa Vietnam, hawakumwambia mkulima "acha". Walimwambia: tenga kipande usikipige siku 40, kwingine fanya ulivyozoea, halafu pima mwenyewe. Wakulima wakapima, wakaona magunia ni yale yale. Mwaka 1994 ujumbe huo ukapelekwa redioni kwa michezo mifupi ya kuigiza, na mkoani Long An watu wakashuka mpaka chini ya mara mbili kwa msimu.

Sababu iko kwenye mmea wenyewe. Mpunga wa siku 24 bado unachipua. Jani likikwanguliwa leo, wiki ijayo shina limetoa mengine. Majani ya kuyalinda kwa wivu ni yale ya juu wakati mpunga unabeba mimba, hasa lile la mwisho linalokaa chini ya suke, kwa sababu hilo ndilo linalojaza punje.

Jambo la pili ni zito zaidi. Ukipiga mapema unaua buibui. Indonesia walilipa gharama kubwa kulijua hilo. Kule kuna mdudu mdogo wa kahawia anayekaa chini kwenye shina na kufyonza maji yake, shamba likikauka linaonekana kama limepitiwa na moto. Anataga mayai ndani ya ala za majani. Dawa inamuua yeye, inamuua na buibui aliyekuwa akimla, lakini mayai yamejificha. Yanaanguliwa siku chache baadaye kwenye shamba lisilo na mlinzi hata mmoja. Kwa hiyo kila walivyopiga ndivyo alivyozidi, na serikali yao ndiyo iliyokuwa ikilipia sehemu kubwa ya bei ya dawa hizo. Mwaka 1986 Rais Suharto alipiga marufuku aina 57 za dawa kwenye mpunga, na kufikia 1989 ruzuku ikaondolewa. Mwaka huo huo wa 1989 wakaanza kuwakutanisha wakulima shambani kila wiki, wahesabu wadudu, wachore walichokiona, wabishane, ndipo waamue. Shamba darasa tunalolisema hapa kwetu lilizaliwa kwenye mpunga ule. Mavuno hayakuanguka.

Sasa shamba lako. Ingia asubuhi umande ukiwa haujakauka, nenda na sinia jeupe. Chagua mashina kumi kwa kukatisha jaruba kutoka kona hadi kona, usichague yale mabaya tu. Liinamishe shina juu ya sinia, lipige kofi mara mbili tatu, kisha hesabu kilichoanguka: buibui, mbawakawa, viwavi. Fungua na majani yaliyojikunja. Utakuta mengine kiwavi amekufa, au kuna vifuko vidogo vyeupe kama punje za mchele mdogo. Hao ni watoto wa nyigu waliokula kiwavi. Usiviguse.

Na urea uliweka kiasi gani? Mpunga uliokolea kijani hadi kuwa mweusi unawaita wadudu. Wavietnamu baadaye walikuja na kampeni ya "punguza tatu, pata tatu": mbegu, mbolea ya naitrojeni na dawa vipungue, mavuno, ubora na faida viongezeke. Naitrojeni haikuwekwa pale kwa bahati.

Kuhusu kuchanganya: usichanganye. Wilaya ya Yavatmal, India, mwaka 2017, vibarua wa pamba walipiga michanganyiko kwenye mimea iliyowazidi kimo. Mamia walilazwa na wapatao 20 wakafa. Dawa iliingia kwa ngozi na kwa pumzi, kama kwa mdogo wako. Maziwa hayaiondoi. Kinachosaidia ni kumtoa shambani, kumvua nguo zote, kumwogesha kwa sabuni na maji mengi, na kumkimbiza hospitali ukiwa na chupa mkononi ili daktari asome lebo. Ndiyo maana ile chupa yenye lebo iliyochubuka isifunguliwe kabisa, irudishe.

Mkulima wa Ubaruku

Shikamoo mzee. Naheshimu ulichosema, ila naomba nipingane nawe mahali pamoja. Huyo mdudu wa kahawia wa Indonesia siye anayetusumbua huku kwetu. Sisi tunakufa na funza wa shina na kimyanga, ule ugonjwa unaogeuza mpunga njano. Mwaka juzi nilisubiri "walinzi" na nusu ekari ikageuka njano mbele ya macho yangu, gunia nne tu zilitoka. Na Asia hiyo hiyo mbona hamtaji Sri Lanka? Mwaka 2021 walizuia mbolea za chumvichumvi na dawa kwa mkupuo. Mpunga ukashuka, wakaagiza mchele nje, na kabla ya mwaka kwisha serikali ikarudi nyuma. Mkulima mwenye mkopo hawezi kufanyiwa majaribio.

Bwana Shamba Mstaafu

Marahaba kijana wangu. Umesema kweli kuhusu Sri Lanka ya 2021, lilikuwa kosa: walikata ghafla bila kumfundisha mtu wala kumpa kitu mbadala. Lakini nchi hiyo hiyo mwaka 1995 ilizuia dawa za mpunga na mboga zilizokuwa kali kuliko zote, na mwaka 1998 ikazuia endosalfani, dawa nyingine ya wadudu. Vifo vya watu kujiua vikashuka sana miaka iliyofuata na mavuno hayakupungua. Zile sumu za kuua mtu kwa funda moja hazikuwa zinamjazia mkulima ghala.

Kuhusu kimyanga nakusikitikia, najua uchungu wake. Ila kimyanga ni virusi, hakuna dawa ya bomba inayokitibu. Mbawakawa wanakibeba, lakini hata mikono yetu wakati wa kupandikiza, mundu, na ng'ombe wanaopita majarubani wanakisambaza. Shina la kwanza lenye njano ya madoadoa ling'oe siku hiyo hiyo ulizike, na kitalu usikiweke karibu na mabua ya zamani yaliyochipua tena. Nusu ekari yako isingeponywa na chupa yoyote.

Kwa funza uko sahihi kwamba kuna wakati wa kupiga. Mama Tumu akiona mioyo mikavu, yaani kile kijani cha katikati kikivutwa kinang'oka chenyewe, aniambie ni mashina mangapi kati ya mia, tuzungumze. Na sitamficha mtu: Java mdudu wa kahawia alirudi kwa nguvu miaka ya 2010 na 2011, baada ya dawa kuzagaa tena madukani na mashamba darasa kufifia.

Nyanya Ilula

Kamwene wote. Mimi nalima nyanya, kwetu hadithi ni tofauti kidogo, kanitangaze, yule kiwavi wa nyanya, hakupi siku 40. Siwezi kudanganya kwamba sipigi. Ninachofanya ni kuweka mitego ya harufu mapema, kuchuma majani yenye michirizi na kuyafukia, na kubadilisha kundi la dawa badala ya kubadilisha chupa tu, maana majina kumi dukani yanaweza kuwa dawa ile ile moja. Na siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye lebo nazihesabu kwenye kalenda ya jikoni, hata dalali akiwa barabarani na fuso lake.

Mama Tumu, nimekuandikia kwa sababu ya chupa zako zilizo mlangoni. Tafadhali zitoe. Mwaka 2013 huko Bihar, India, watoto 23 walikufa kwa chakula cha shule kilichopikwa kwa mafuta yenye monokrotofosi, dawa ya wadudu ya shambani. Hapa Ilula nimeona kwa macho yangu chupa ya dawa imeoshwa, imetiwa mafuta ya taa na iko chini ya meza, mtoto anaichezea kifuniko. Nikaichukua kwa mama yule nikaitoboa kwa msumari, akanikasirikia siku mbili.

Mama Tumu, Igurusi

Mzee, shikamoo tena. Kaka wa Ubaruku na dada wa Ilula, asanteni.

Chupa nimezifungia kwenye debe lenye kufuli, stoo ya nje. Ile ya lebo mbovu nimeirudisha, tumebishana, nimerudishiwa nusu ya hela.

Leo saa kumi na mbili na nusu nilikuwa jarubani na sinia la kupepetea, nimelitandikia kitambaa cheupe. Mashina kumi ya jaruba la chini: buibui 17, wengi wale wadogo wenye mistari mgongoni wanaokimbia juu ya maji, jike mmoja kabeba mfuko wa mayai nyuma. Mbawakawa wawili. Viwavi hai sita. Nilifungua majani 20 yaliyojikunja: saba yalikuwa matupu, matatu yana vile vifuko vyeupe ulivyosema, nilivyodhani siku zote ni mayai ya adui. Mioyo mikavu nimeona miwili katika mashina mia.

Jaruba la juu, ambalo mume wangu alilipiga wiki mbili zilizopita nikiwa msibani Chimala, nimepata buibui watatu. Viwavi tisa.

Urea niliweka mfuko mzima na robo kwa ekari, mkupuo mmoja. Ya pili nitaipunguza.

Sipigi. Nimechomeka vijiti vyenye vitambaa vyekundu kwenye majaruba yote mawili, nitahesabu tena Jumamosi na Jumatano, niandike hapa. Mdogo wangu kaomba yeye ndiye ashike daftari.